Hukumu Niliyoilipa na Raundi Nisiyoinunua

Jumatatu, Agosti 4

Benki imeninyima. Mimi! Vern Kubler, mwenye kontena kumi na tisa za taka, lori lisilodaiwa hata boliti, na miaka ishirini na sita ya kuamka kabla ya kuku wa Kingaroy nzima. Nilichoomba ni dola 68,000 za lori la pili. Halmashauri inabomoa maghala ya zamani ya karanga. Kazi ya kubeba kifusi ni yangu nikionyesha malori mawili kabla ya Agosti 29. La sivyo inakwenda kwa jamaa wa Nanango, anayeendesha lori kama anachunga bata.

Ofisa wa mikopo, binti mpole aitwaye Jaspreet, alinigeuzia kompyuta yake nione. Hukumu ya mahakama, Machi 12 mwaka jana, dola 3,940, mdai Des Quilty, muuza kokoto. Nikaruka. Nimelipa hiyo! Siku ya tisa tu baada ya hukumu, risiti ninayo! Akasema ndiyo, mzee, hata hapa imeandikwa kwamba imelipwa. Lakini kulipwa ni kulipwa na kufutwa ni kufutwa. Inakaa kwenye rekodi miaka mitano.

Nimepiga hesabu nikiwa bado maegeshoni. Siku 1,316 zimebaki. Mwizi wa kondoo anatoka jela mapema kuliko hapo.

Na iandikwe kwamba sikuwa na kosa. Des aliniandikia ankara ya tani 60 za kokoto. Nikazipima mwenyewe kwa toroli, siku tatu, mgongo ukalia. Toroli 731, kilo themanini kila moja, tani 58.48. Nikakataa kulipa chochote. Hati za mahakama zilipokuja sikujibu, kwa msimamo. Mahakama haikuelewa msimamo wangu, ikaamua bila mimi.

Mke wangu Glenys anasema ningelipa siku ile ya kwanza yote haya yasingekuwepo. Hilo si wazo. Hiyo ni historia.

Jumanne, Agosti 5

Nimepata njia! Bure kabisa. Nimewaandikia wale wanaotunza rekodi za mikopo kwamba hukumu hiyo ni ya Vern Kubler mwingine. Nchi ni kubwa. Wajerumani wenye jina letu walizaana sana huku. Nimemlaani huyo Vern mwingine kwa maneno makali, mtu asiyelipa madeni yake, aibu kwa jina letu.

Glenys ameisoma barua, akauliza kama huyo mwenzangu naye ameoa. Nikaifunga bahasha.

Alhamisi, Agosti 7

Wamejibu upesi, wenye roho mbaya. Wanauliza kama huyo Kubler mwingine amezaliwa siku moja na mimi, anakaa nyumba moja na mimi, na anatumia leseni yangu ya udereva.

Nikapigia kampuni ya kusafisha majina. Kijana wa huko ana sauti ya asali. Dola 1,650, kaka, na jina lako litang'aa. Nikamuuliza watafanya nini hasa. Akazunguka, akazunguka, mwishowe ikabainika kwamba wangemwandikia Des barua. Barua moja! Nikamwambia stempu ni dola moja na senti sabini, hizo nyingine 1,648.30 ni za kulamba bahasha? Akakata simu.

Basi nikaenda mahakamani mwenyewe. Karani pale ni Tahlia, mjukuu wa fundi aliyenijengea banda. Akanieleza vizuri. Hukumu iliyotolewa bila mdaiwa kujibu inaweza kutenguliwa, na ikitenguliwa inatoka kwenye rekodi. Njia ni mbili. Ya kwanza, nitoe sababu nzuri ya kutojibu. Nikasema nilikuwa nagoma. Akasema, "Babu, mgomo si ugonjwa." Njia ya pili, mdai akubali kwa maandishi, tusaini wote wawili, hakimu apelekewe. Akanipa fomu.

Kuna mstari wangu, na kuna mstari wa Des Quilty.

Jumamosi, Agosti 9

Nimekwenda kwa Des. Nilibeba pai ya nyama kama zawadi, ya jana, nusu bei. Nilijitayarisha kwa ugomvi wa kokoto. Nilikuwa na daftari la toroli mfukoni.

Des hakutaka hata kuliona. Akasema deni lilikwisha, amelisahau, yeye hana kinyongo cha hela. Moyo wangu ukatulia. Akaitazama fomu, akaikunja taratibu, akaiweka mfukoni. Kisha akaniuliza kama naikumbuka sikukuu ya mashujaa ya mwaka 2019, klabuni.

Klabu yenyewe ni ya mchezo wa kuviringisha matufe nyasini, ya kule nyuma ya uwanja wa maonyesho, na Des ndiye mwenyekiti. Siku hiyo tulikuwa sita kwenye kaunta. Kila mtu akanunua raundi, bia za wote sita. Watu watano, raundi tano, na mimi nikanywa zote tano. Ilipofika zamu yangu nilisema natoka kidogo kumwangalia mbwa kwenye pikapu.

"Vern, bwana," Des akasema, "miaka sita tunamsubiri huyo mbwa. Na huna mbwa."

Kumbe ndiyo maana! Ndiyo maana hawanisalimii kwa jina, wananiita Mkono wa Birika! Ndiyo maana alinishtaki kwa haraka vile, wakati fundi bomba alidaiwa naye mwaka mzima na wakawa wanakwenda kuvua pamoja!

Masharti yake: nigonge kengele ya kaunta. Mtu akiigonga, kila aliyemo ndani anakunywa kwa hela ya aliyegonga. Siku yoyote nitakayo. Nikigonga, anasaini papo hapo. Nisipogonga, tuonane 2029.

Jumapili, Agosti 10

Sikwenda kokote. Nimepiga hesabu.

Ijumaa usiku klabu ina watu kama sitini. Bia dola 7.20. Jumla 432. Haiwezekani, nitaugua.

Lakini! Jumatano, saa kumi hadi kumi na moja jioni, kuna punguzo. Bia dola 5.50. Na saa hizo wamo wazee saba tu, wawili kati yao wanasinzia. Dola 38.50! Nimeokoa 393.50 bila kuinuka kwenye kiti.

Nimempigia Des. Nimemwambia Jumatano, saa kumi na robo. Akasema, "Jumatano? Jumatano ni nzuri sana, ndugu yangu." Nilidhani amelainika.

Jumatano, Agosti 13

Niandike polepole, nisiruke hata senti.

Nilifika kwa wakati. Wazee saba, nimewahesabu mara mbili. Des akaitandaza fomu kwenye kaunta na kalamu juu yake. Nikaishika kamba ya kengele. Nikasema nigonge.

Nje likasimama basi.

Klabu ya Murgon! Mashindano ya kirafiki, yako kwenye ratiba ukutani tangu Mei, kila mtu anajua isipokuwa mtu asiyekanyaga klabuni kwa miaka sita. Wakaanza kuingia. Wanaume kwa wanawake, kofia nyeupe, koo kavu. Nikahesabu wakipita mlangoni. Thelathini na wanne. Des alikuwa anatazama dari kama mtu aliye kanisani.

Nikamwambia Des kwa sauti ya chini kwamba hawa si wanachama. Akasema kengele haiulizi uanachama. Nikamwambia ninaumwa. Akaisukuma kalamu karibu yangu kwa kidole kimoja.

Nikautazama mlango. Nitasema kweli, niliutazama. Mama mmoja wa klabu yetu, Noelene, mwenye miaka themanini na sauti ya mpiga mnada, akapaza: "Haya Birika, kamwangalie mbwa!" Ukumbi mzima ukacheka, hata wa Murgon waliocheka bila kujua wanacheka nini.

Nikalifikiria lori. Nikamfikiria yule wa Nanango na bata wake, wakiingia kwenye maghala yangu.

Nikagonga.

Sijawahi kusikia kelele za namna ile kwa ajili yangu. Watu arobaini na mmoja, dola 225.50. Mmoja aliagiza ramu, nikamrudisha kwenye bia. Mimi mwenyewe nikanywa maji ya bomba. Des akanywa nusu glasi kwanza, akafuta povu mdomoni, kisha akasaini. Noelene akanibusu shavuni, akasema hakufikiri angeishi kuiona siku hii.

Glenys alinipokea mlangoni kama mtu aliyetoka hospitali.

Alhamisi, Agosti 14

Nilikuwa mlangoni mwa mahakama kabla hawajafungua. Tahlia akainusa fomu, akauliza mbona ina harufu ya bia. Nikamwambia ni harufu ya maridhiano. Akaigonga muhuri.

Jumatatu, Agosti 25

Imetenguliwa! Hakimu alitia saini wiki iliyopita, na leo Jaspreet amenigeuzia kompyuta tena. Palikuwa na hukumu, sasa hapana kitu. Peupe! Mkopo umepita. Halmashauri nimewapelekea karatasi za malori mawili, siku nne kabla ya mwisho. Wa Nanango amesikia. Nimehakikisha amesikia.

Mjini watu wananiita Vern. Inapendeza. Sijui itadumu siku ngapi kwa kila dola, ila nimeanza kuandika.

Jumamosi, Septemba 13

Lori ni zuri. Tatizo ni turubai la kufunikia kifusi. Niliagiza la mita sita kwa Bi. Hildegard Reinke, mshonaji. Nimelipima mara tatu. Mita 5.94! Ananidai dola 610 kana kwamba sentimita sita zilikwenda kwa miguu yao wenyewe. Nimemwambia silipi hata senti. Anasema atakwenda mahakamani.

Aende! Zamani ningeogopa. Sasa njia naijua. Kuondoa hukumu ni dola 225.50. Turubai ni 610. Faida yangu ni 384.50, bila kutoa jasho.

Glenys ameuliza kama hukumu haiondolewi mpaka kwanza nilipe na hizo 610 zenyewe. Nimemwomba asinichanganyie hesabu.

Na hapo bado sijaandika lililo zuri kuliko yote. Bi. Reinke ni Mlutheri wa kiti cha mbele. Hagusi pombe. Raundi yake itakuwa chai, kwenye ukumbi wa kanisa. Nimepita dukani kuulizia. Pakiti ya vifuko mia moja, dola nne.

Sukari waje nayo wenyewe.