Ratiba Mbili za Papa Bella

Jumatatu, 10 Juni

Nimebandika ratiba mpya leo asubuhi. Pini nne, kila kona moja. Imenyooka vizuri. Hiyo ndiyo kazi yangu: Gratien Mbarushimana, msaidizi wa apariteri, yaani karani wa wanafunzi, na mtunza funguo zote za chuo na mbao za matangazo.

Ratiba inasema masomo ya mwaka wa tatu yametoka asubuhi yamekwenda jioni. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku. Ameamua Madame Mukantwari, mkuu wa chuo.

Saa nne wanafunzi wanaotoka Bukavu, Kongo, kila siku walikuwa wameshakaa kwenye ngazi za jengo la madarasa. Wanasema wanatakiwa wawe wamevuka bariyeri ya mpaka, pale darajani, kabla ya saa kumi na mbili, sasa hayo masomo ya saa mbili watayasomea wapi. Wale wanaofanya kazi mchana hapa Kamembe wakaja kuwajibu kwamba wao ndio walioomba jioni, wameomba miaka miwili, na hawarudi nyuma. Mmoja akabeba benchi akaliweka mlangoni. Benchi la kwanza likafuatwa na mengine. Kufika saa sita mlango hauonekani.

Kiongozi wa watu wa Bukavu anaitwa Larissa, msichana mwembamba mwenye sauti kubwa kumshinda yeye mwenyewe. Kiongozi wa watu wa jioni ni Bella. Bella ni binti yangu.

Madame ametangaza: mgogoro usipokwisha hadi Jumanne ijayo, mitihani itasogezwa mpaka Septemba. Na atateua mpatanishi. Niliposikia hivyo nikanyoosha tai. Mimi ni Mnyarwanda, nimezaliwa Kadutu, kule Bukavu, nimekulia huko, nimeoa mwanamke wa huko wa kabila la Washi, nimerudi hapa mtu mzima. Nani anazijua pande zote mbili kama mimi?

Amemteua Niyonshuti.

Jumanne, 11 Juni

Niyonshuti ni mwalimu wa saikolojia. Alifundishwa upatanishi siku tatu, akarudi na cheti, akakitia kwenye fremu. Ana makaratasi makubwa ya ukutani na kalamu za rangi nne. Leo amekaa kwenye ngazi pamoja na vijana saa nzima bila kusema neno. Anaandika tu wanayosema wao. Mpatanishi asiyesema ni redio isiyo na betri.

Nimeamua kumsaidia. Bila kumwambia, ili asione haya.

Mpango ni mwepesi. Wa Bukavu wanataka asubuhi. Wa Kamembe wanataka jioni. Basi kila mtu apate anachotaka. Chuo kina mageti mawili, na kila geti lina ubao wake. Wa Bukavu wanaingilia geti la chini, upande wa barabara ya mpakani. Wenye kazi wanaingilia geti la juu, upande wa soko. Jioni nimebandika ratiba ya asubuhi kwenye geti la chini. Ya jioni nimeiacha geti la juu. Zote zina muhuri.

Nimemnong'oneza Larissa kwamba mambo yake yamekwisha. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita Papa. Nyumbani nimemnong'oneza Bella vilevile. Amenichagulia samaki mkubwa kuliko wote kwenye sufuria.

Siku nzuri. Watu wawili wamefurahi kwa ajili yangu.

Pia nimechukua kalamu ya kijani ya Niyonshuti nikaifungia kwenye droo. Sijui kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe.

Jumatano, 12 Juni

Saa mbili asubuhi, wanafunzi arobaini kutoka Bukavu walikuwa wameondoa mabenchi na kukaa darasani, madaftari wazi, wakimsubiri mwalimu. Mwalimu hakuna. Mwalimu amesoma ratiba ya geti la juu.

Niyonshuti akauliza nani amewaambia waje. Wakamwonyesha karatasi.

Saa tano Bella aliponyoka kazini mara moja akaja, amevaa koti lake jeupe la farmasi. Alikuwa na karatasi mbili, moja mkono huu, moja mkono huu. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Papa, hizi zote mbili ni wewe?"

Nikamweleza kwamba mambo ya utawala ni magumu.

Larissa alikuwa amesimama nyuma yake. Ana mtoto wa miezi mitano, anamwachia mama yake kila anapokuja huku. Hilo sikulijua. Nilitegemea atanitukana, ningeona nafuu. Akasema pole pole, "Papa, niliamusha mutoto giza ikiko, nimunyonyeshe mbio mbio, juu ya hii karatasi."

Nikaangalia viatu vyangu.

Mabenchi yamerudi mlangoni, na safari hii na viti. Kwa mara ya kwanza pande mbili zimekubaliana jambo moja: mimi nisiguse tena ubao. Madame amezitoa funguo mbili za mbao kwenye shada langu mbele ya watu. Ni funguo ndogo, lakini shada limepungua uzito, nimelisikia njia nzima.

Bella amekula jikoni na mama yake. Mimi sebuleni. Nilikuwa nasikia vijiko vyao. Alipokuwa mdogo nilimbeba mabegani tukishuka kununua sambaza, vile visamaki vya ziwani, na alikuwa akishika masikio yangu kama usukani, akivuta la kushoto tunakwenda kushoto. Nani angefikiri masikio hayohayo siku moja yatakaa peke yake mezani.

Ijumaa, 14 Juni

Mpango mpya. Huu hauna kasoro.

Kosa la mpango wa kwanza lilikuwa karatasi. Karatasi mtu anaweza kuishika akaipeleka kwa mwenzake. Maneno hayashikiki. Kwa hiyo nimemwalika Larissa chakula cha mchana Jumapili, saa sita. Nitampoza yeye kwanza. Bella atakuwa kwenye mazoezi ya kwaya mpaka saa tisa. Akirudi, Larissa ameshaondoka, nampoza na yeye. Jumanne wanaingia kwenye kikao cha Niyonshuti wamekwisha kulainika, na watu watauliza nani aliyewalainisha.

Nimeandika hoja zangu. Kurasa kumi na moja.

Nilimwambia Eugénie kutakuja mgeni. Mke wangu ni mfanyabiashara, anavusha nyanya na vitunguu mpakani mwaka wa kumi na nne huu. Akauliza mgeni gani. Nikamwambia. Alinitazama kama anavyotazama nyanya iliyo nyekundu upande mmoja, kisha akasema sawa, atapika sombe, kisamvu cha kwao.

Alikubali haraka mno. Lakini sikuwa na muda wa kulifikiria hilo. Nilikuwa ukurasa wa tano.

Jumapili, 16 Juni

Larissa alifika saa sita kasoro, mtoto mgongoni, maana leo bibi wa mtoto amekwenda kusali. Mtoto anaitwa Delphin. Nilifungua mlango, nikamkaribisha, nikageuka, nikamwona Bella anatoka jikoni na kisu cha vitunguu.

Eugénie alikuwa amemzuia kwenda kwaya.

Wakatazamana. Bella hakuweka kisu chini, Larissa hakuvua viatu. Nikaanza kusema kwamba ukarimu ni nguzo ya amani, hiyo ilikuwa hoja ya kwanza, lakini Eugénie akapita katikati yetu, akampa Larissa beseni la majani ya sombe na kumwonyesha kinu.

"Kwangu muntu hakuli mbele hayatumika kazi," akasema. "Bella, mwonyeshe mwenzako. Na wewe Papa Bella, shika mutoto."

Nikapewa mtoto. Nikatoka naye uani, nikakaa kwenye kiti chini ya dirisha la jikoni, kurasa kumi na moja mfukoni. Nilipanga kumbembeleza dakika tano, nimrudishe, niingie kazini.

Akanishika tai. Akailamba. Akalala kifuani kwangu.

Jikoni kwanza ilikuwa kinu peke yake. Larissa anatwanga, Bella anakata. Eugénie alikuwa ametoka, akaenda kutafuta kuni ambazo hatuzitumii. Baadaye Larissa akauliza Bella anatoka kazini saa ngapi. Bella akasema saa tisa. Anasimama dukani tangu saa moja asubuhi, na bosi wake ameshasema akikosekana mara nyingine asirudi, na bila ile kazi hawezi kuendelea na chuo. Larissa akasema hakujua. Alifikiri watu wa jioni wanapenda tu kulala asubuhi.

Bella akacheka kidogo, si kwa furaha.

Halafu Larissa akaeleza siku yake. Kufika saa sita maziwa yanajaa, yanauma, nguo inalowa, anafunga kitenge kifuani ili watu wasione. Siku moja foleni ya darajani ilikuwa ndefu, akasimama analia, na nyuma yake wanaume wanamwambia asonge. Alipofika nyumbani Delphin alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha.

Kisu cha Bella kikasimama.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa hoja ya tatu. Nilijaribu kunyanyuka. Delphin akaguna, akakunja uso. Nikakaa.

Nikasikia Bella anauliza kama saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja inawezekana, kila siku, masomo mengine yaende Jumamosi. Larissa akahesabu: saa kumi na moja atoke, achukue moto, pikipiki ya abiria, saa kumi na moja na nusu yuko darajani. Inawezekana. Na wale wanaosali Jumamosi? Mimi nilikuwa na jibu, ukurasa wa saba. Nilijaribu kunong'ona kuelekea dirishani. Delphin akafungua jicho moja. Nikafunga mdomo. Wakaamua wenyewe kumwomba Niyonshuti.

Mguu wa kushoto ulikufa ganzi, kisha wa kulia. Sijawahi kukaa kimya muda mrefu hivyo tangu nilipobatizwa.

Walipotoka walinikuta sijasogeza hata kidole. Tai yote mate. Bella akaniangalia, na uso wake uliokuwa umefungwa tangu Jumatano ukafunguka. Akatoa kitambaa, akanifuta shati taratibu, akisema kwa sauti ya chini, "Papa, usisimame. Umuache alale kidogo tena."

Nikamwacha alale.

Baada ya chakula Bella amemsindikiza Larissa mpaka darajani, yeye ndiye aliyembeba mtoto. Amerudi. Ameniambia hakuwahi kupima kwa miguu yake ile njia ilivyo ndefu.

Hoja zangu hazikusomwa. Nitazitunza kwa Jumanne.

Jumanne, 18 Juni

Kikao saa tatu, ukumbi mkubwa, pande zote mbili. Niyonshuti alitoa sharti moja: hakuna anayeruhusiwa kueleza shida yake. Kila mtu aeleze shida ya mwenzake.

Niliona ni wazimu. Mtu aje kikaoni amtetee mpinzani?

Bella akasimama wa kwanza. Alisema habari za foleni ya darajani kana kwamba ni yeye aliyesimama pale. Alitaja kitenge. Upande wake wote, watu wa jioni, walikuwa wameinamisha vichwa. Halafu Larissa akasimama, akaeleza miguu ya mtu aliyesimama dukani tangu saa moja, na kuogopa kufukuzwa, na mwalimu anayefundisha wakati wewe uko unauzia watu dawa. Baada yao wengine kumi wakanyanyua mikono. Niyonshuti hakuwa na nafasi tena kwenye karatasi.

Nilimwona anatafuta kalamu. Nyekundu, nyeusi, buluu. Nikatoka, nikafungua droo, nikamletea ya kijani. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, hakuuliza ilikuwa wapi. Hilo limeniuma kuliko kama angeuliza.

Ratiba imekubaliwa kama ilivyopikwa jikoni kwangu. Somo la Jumamosi Niyonshuti atalirudia mwenyewe Jumapili mchana kwa wanaosali Jumamosi. Madame ametia saini. Mitihani inabaki palepale. Mabenchi yameondolewa mlangoni, mimi nimebeba manane.

Mwishoni niliomba neno fupi. Nikasimama, nikatoa kurasa zangu. Kutoka nyuma ya ukumbi Bella akanitazama, akaweka kiganja kifuani, akapigapiga taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Sikuelewa maana yake. Lakini nikakaa.

Alhamisi, 20 Juni

Chuo kimetulia. Imeundwa kamati ya kudumu ya upatanishi: Niyonshuti, Larissa na Bella. Mimi sijasahauliwa. Nimepewa kufungua chumba chao na kukaa nao ndani, bila kusema. Niyonshuti amesema Bella ndiye aliyeomba hivyo, kwamba Jumapili nilisaidia sana.

Siku hizi mbili Bella anaondoka nyumbani pamoja nami. Ananishika mkono mpaka njia panda, anatembea upande wa barabara ili vumbi la pikipiki limpige yeye. Ananisimulia mambo ya kamati: atakavyoandika ripoti, alivyonunua daftari lenye jalada gumu. Macho yanang'aa. Sijamwona hivyo tangu alipokuwa mdogo.

Nimefikiri sana ni nini hasa kilichomaliza ule mgogoro. Ni ratiba zangu mbili. Bila zile wangekasirikia nini pamoja? Na mwaliko pia ulikuwa wangu. Sisemi kwa kujisifu, naandika tu.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Kamati ina siku mbili na haina kazi. Bella amekaa na daftari lake, ukurasa wa kwanza mweupe. Niyonshuti anasema hiyo ni dalili nzuri. Ni kijana bado. Kamati isiyo na ugomvi inakufa, na mimi sitaki kuuona uso wa binti yangu siku hiyo.

Kwa hiyo leo asubuhi nimemdokeza kiongozi wa kwaya ya chuo kile ambacho wachezaji wa voliboli wanasema juu ya sauti zao. Kisha nimemdokeza kapteni wa voliboli kile ambacho kwaya inasema juu ya miguu yao. Vitu vidogo tu, vya kuanzia. Saa nane walipopishana mlangoni walikuwa hawasalimiani.

Nimefungua chumba cha kamati. Nimepanga viti.