Kambare Walioshindwa Kujitokeza

Katika Idara ya Vijito, hakuna linaloamuliwa bila mimi. Yaani, mimi ndiye mwenye funguo za jikoni, na wakubwa hawaamui kitu kabla ya chai.

Basi idara ikatangaza Zoezi la Kitaifa la Kuhesabu Kambare Wadogo, wale wa urefu wa kidole, wanaong'ang'ania chini ya mawe maji yakienda mbio. Wakiwepo, kijito kiachwe. Wasipokuwepo, kitiwe kwenye bomba mpaka bwawa la kuogelea la Mkurugenzi. Mkwe wangu hufua mablanketi ya watu kwenye kijito cha jirani na ofisi, hana kazi nyingine, kwa hiyo mikutano yote nilimimina chai taratibu sana.

Kazi ilifanyika kitaalamu. Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo kando ya maji: kila kambare ajitokeze ndani ya siku ishirini na moja, saa za kazi. Hakutokea hata mmoja. Hata wa kuleta udhuru.

Mkurugenzi akaandika ripoti kwamba aliingia majini yeye mwenyewe, siku tatu mfululizo, na kambare hayupo.

Mkaguzi alipokuja kutia sahihi, mama mmoja asiye na haraka, nilimpelekea chai na ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na jiwe. Akaligeuza. Kambare wawili walikuwa wamejibandika chini yake, wametulia kama wenye nyumba.

"Hao si wa hapa," Mkurugenzi akasema. "Bibi kawatoa sokoni."

"Siku hizi sokoni wanauzwa pamoja na mawe, baba?" nikamuuliza, kwa heshima zote.

Mkaguzi akasema basi tushuke kijitoni, si mbali, Mkurugenzi akatuonyeshe aliposimama. Mkurugenzi akasita, akasema buti zake zimechakaa kwa kuloa.

Nikamletea kutoka nyuma ya mlango. Nazijua, mimi ndiye ninayezipangusa vumbi. Akatumbukiza mguu wa kwanza, akatumbukiza wa pili, akapiga hatua kwa madaha ya mtu mwenye cheo, akaenda chini mzimamzima. Buti zilikuwa bado zimefungwa pamoja kwa kamba ya dukani.

Mkaguzi akainama, akaishika ile kamba kwa vidole viwili.

"Siku tatu, mheshimiwa?"

"Tatu kamili," Mkurugenzi akajibu kutoka sakafuni. "Nilikuwa narukaruka."