Yule wa Bluu ni wa Mwisho

Ko. Ko. Ko.

Fimbo kwenye ngazi, kabla sijaona mtu. Kisha kikohozi. Kisha fimbo nyingine na nyingine, kama mvua inayoanza kupiga bati tone kwa tone. Nikamwambia Nasra, mwandishi mwenzangu, "Mbona vijana wanakohoa hivi?"

Rafiki zangu, leo nimeadhirika. Mwenye kucheka achekee mbali.

Mnajua kikundi chetu cha waandishi hakina pa kukaa. Mgahawa wa mwisho ulitufukuza kwa sababu tunaagiza chai moja na kuinywa mchana kutwa (riwaya haitaki haraka). Lakini Bakoko Ali ana chumba kitupu ghorofani, hapa mtaani kwetu Tanambao. Bakoko ndivyo tunavyowaita babu zetu, sisi wenye asili ya Ngazija. Huyu alikuwa nahodha wa boti ya abiria, Mahajanga hadi Nosy Be. Boti ilikuwa ya bluu, na kofia yake ya bluu anaivaa mpaka leo, hata akienda kununua mkate. Tukamwomba chumba.

"Mashairi sitaki," akasema. "Nileteeni mkutano mmoja wenye faida kwa watu. Nikiupenda, ufunguo ni wenu."

Faida! Nikajiuliza ninajua nini zaidi ya mapenzi na huzuni. Nikapata: vivinjari, zile programu za kuingilia intaneti! Kila siku nabishana na Nasra kivinjari kipi ni bora kwenye kompyuta ya mezani. Nikabandika tangazo mtaani, kwa Kifaransa, ili kila mtu alielewe: "Navigateurs: nani bora, nani wa mwisho? Njooni Alhamisi alasiri." Maana kwa Kifaransa kivinjari ni navigateur. Ndivyo nilivyojua mimi.

Chumba kikajaa. Kijana hata mmoja hakuna. Kofia, kanzu, fimbo. Mbele kabisa amekaa Bakoko Musa, ndevu zake nyekundu kwa hina, amekuja kutoka Andilana, kule kisiwani Nosy Be. Akanishika mkono asiuachie.

"Nimesikia leo mnamaliza ubishi," akasema.

Machozi yakanilenga. Mzee wa umri huu amevuka maji kwa ajili ya vivinjari! (Hapo mtu mwenye akili angeuliza swali. Mimi nilikuwa nimeguswa.)

Nikawasha mashine ya kuonyeshea picha ukutani. Umeme ukakatika. Haidhuru, mwandishi hahitaji picha. Tena nikaamua neno kompyuta nisilitaje kabisa, ni neno kavu. Vivinjari vyangu vitatembea kama watu.

Vilitembea, jamani.

"Wa kwanza," nikaanza, kwa Kimalagasi changu kizuri kuliko vyote, "ni yule mwekundu. Mwepesi, mtulivu. Anakufikisha uendako na hamwambii mtu ulikopita."

Bakoko Musa akashika ndevu, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Makofi!

"Wa pili ni yule wa rangi nyingi. Mbio anazo, sikatai. Lakini mlafi! Akianza kula, wenzake wote wanalala njaa."

Wote wakamgeukia mzee mmoja mwenye shati la maua. Akaacha kutafuna sambusa. Kicheko kikapanda mpaka darini, nami nikadhani ni ufundi wangu.

"Na wa mwisho?" akauliza Bakoko Ali, taratibu.

"Wa mwisho ni yule mzee wa bluu."

Nasra, kule mlangoni, akaanza kupitisha kidole shingoni. Nikaelewa ananiambia niongeze makali. (Mwandishi akishapanda hashuki.)

"Huyo hakuna aliyemchagua! Tulimkuta tu. Ukimwambia twende, anawaza. Ukimwambia tena, anaganda. Halafu anaanguka bila sababu, na kila mlichobeba kimepotea. Siku hizi ana kazi moja: unamtuma akakuletee mwingine, kisha humwiti tena!"

Nikainama kusubiri makofi. Niliinama muda mrefu.

Bakoko Ali akasimama. Akavua kofia. "Mwanangu," akasema, "niliganda lini?"

"Nani, Bakoko?"

"Mimi. Na ni mzigo wa nani nilioupoteza?"

"Andilana!" akadakia Bakoko Musa. "Ulitukwamisha mchangani, tukatembea majini tumewabeba mbuzi wa harusi!"

"Maji yalikuwa yamekupwa!"

"Yalikupwa kwako peke yako?"

Hapo lile neno likageuka mbele yangu na kunionyesha mgongo wake. Navigateur! Kifaransa hicho hicho humwita hivyo na mtu anayeongoza chombo baharini. Wazee wa Tanambao wamezeeka wakibishana nani alikuwa nahodha bora wa njia ya Nosy Be, na mimi nimewabandikia tangazo kwamba leo natoa hukumu. Kiswahili kingeniokoa: kivinjari ni "kile", nahodha ni "yule". Kimalagasi kina *izy* moja tu, ya mtu, ya mbuzi na ya sufuria.

"Nilikuwa nasema programu!" nikapiga kelele. "Za kompyuta! Za kuingilia kwenye intaneti!"

Bakoko Musa akaachia ndevu.

"Kwa hiyo wa kwanza si mimi?"

"Si wewe, Bakoko. Nisamehe."

"Ni nani?"

"Ni... mbweha. Ana picha ya mbweha."

Akamgeukia mwenye shati la maua. "Mbweha ni mtoto wa nani huyo? Alikuwa anapita njia gani?"

Nasra alikuwa ameshakaa sakafuni, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi nikawa naangalia dirisha, nikipima kama mwili wangu utapita.

Bakoko Ali akaja mpaka mezani. Akatia mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akauangalia kama mtu anayeaga. Kisha akauweka mbele yangu.

"Uongo mtupu," akasema. "Lakini hakuna aliyesinzia. Hata Musa, ambaye alikuwa akisinzia akiwa kwenye usukani. Chumba ni chenu."

Nikataka kumbusu mkono. Akauvuta, akaivaa kofia yake ya bluu, akainyoosha.

"Ila Alhamisi ijayo tutawapanga waandishi. Nani bora, nani wa mwisho."

"Nitayarishe nini, Bakoko?"

"Usitayarishe kitu. Atakayepanga ni mimi."

Akatoka. Hakuwa na haraka yoyote. Hata mlango aliufunga polepole.