Vita vya Kibaraza cha Watu Wawili

Sogeeni, enyi mlio jikoni na mlio mlangoni! Zimeni redio, tueni vikombe, niwasimulie jinsi dada yangu, Msanifu wa Dunia Zisizo na Vumbi, Bingwa wa Kompyuta, alivyopigana na Kelele akaishinda, hali mguuni ana soksi moja.

Dada alikuwa amejenga uwanja ndani ya kompyuta, ili ukoo wetu uliotapakaa nchi kwa nchi ukutane humo, kila mtu na miwani yake mizito usoni, akitembea kwa mwili wa kuchorwa. Bibi alikuwa na haja moja tu: amsikie mdogo wake, ambaye hawajaonana naye tangu walipoolewa nchi mbalimbali.

Ole wetu! Siku ya ufunguzi wote walitua mahali pamoja, mlangoni, wakarundikana, kichwa cha shangazi kikichomoza tumboni mwa mjomba. Wala hakuna aliyesogea, maana nani aondoke kabla ya kuwaamkia wakubwa? Kila aliyeingia, salamu zikaanza upya. Na sauti zote, za karibu na za mbali, zikavuma sawasawa kama mvua ya mawe juu ya mabati.

"Shikamoo!"

"Ya nani hiyo?"

"Yangu, Mjomba!"

"Yangu nani?"

"Mjomba, toa kiwiko machoni mwangu!"

"Nitakitoa nikijua kiko wapi!"

Bibi, kitini kando yangu, akashika ukanda wa miwani. "Nivueni dude hili. Mdogo wangu simsikii. Leo nikimkosa, sirudi tena humu."

"Dada, anavua!" nikapiga kelele.

Ndipo shujaa akakunja mikono ya shati, akanena: "Ewe Kelele, mtoto wa ukoo huu! Mlango nilikufungulia mimi, na kwa vidole hivi hivi..."

"Acha hotuba, mwanangu," akasema Bibi. "Fanya."

Akafanya. Akautawanya mlango ule uwe milango mingi kuzunguka uwanja. Akaziamuru sauti zififie kadiri mtu anavyokwenda mbali. Kisha akachora kibaraza cha watu wawili, neno la ndani lisitoke, la nje lisiingie, akawaketisha humo Bibi na mdogo wake. Ngurumo ya mjomba ikazama.

Halafu sauti nyembamba ikatoka miwanini mwa Bibi: "Shikamoo, dada yangu."

Bibi akauachia ukanda wa miwani. "Marahaba, mdogo wangu. Mbona wamekuchora na kiuno?"

"Na wewe wamekurudishia meno!"

Wakacheka mpaka miwani ya Bibi ikateremka puani.

Na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba siku ile, katika uwanja uliojaa salamu, shikamoo moja ilimpata mwenyewe ikaitikiwa. Na mshindi, chai yake ikiwa imepoa kabisa, aliinywa hivyo hivyo, akatafuta soksi ya pili.