Dawa ya Ndiyo

Gari lilipita, na watu wote kwenye foleni ya mafuta wakageuza shingo. Halikuwa gari zuri sana. Lilikuwa linatembea, hilo tu. Miezi ile magari ya Bujumbura yalikuwa yamepangwa kando ya barabara kama wagonjwa wanaomngojea daktari ambaye hajazaliwa. Madereva walilala ndani, wakanyoa ndevu ndani, na mmoja alikuwa ameanika shati kwenye mlango. Katikati ya ukame huo akapita bwana mmoja, dirisha wazi, mkate mmoja mrefu umelala kwenye kiti cha pembeni.

Wenzake walitazama gari. Shakuru alitazama mkate.

Mtu anayewasha injini kubwa hivyo kwa ajili ya mkate mmoja, aliwaza, ana mafuta nyumbani, tena ni mengi na yamefichwa. Akamwachia jirani nafasi yake kwenye foleni, akashika bidoni lake tupu, akaanza kuulizia jina la mwenye mkate.

Mafuta alikuwa anayahitaji kweli. Baba yake, mzee Chabani, fundi wa magari wa Buyenzi, alikuwa amefariki, na arobaini yake ilikuwa karibu. Aliacha mke, gareji yenye paa la mabati, na Toyota Carina nyeupe aliyoijenga upya mara nyingi, mpaka mwishowe kilichobaki cha Toyota kilikuwa jina. Tangi lilikuwa kavu. Mama Khadidja alikuwa ametoa kauli:

"Mi naenda kumusalimia baba yako makaburini kwa gari yake. Siendi na mguu, siendi na gari ya watu. Kama haiwake, siendi."

Na mama Khadidja akisema haendi, haendi.

Kazi ya Shakuru ilikuwa kuuza dawa. Zamani alifagia katika famasi moja mjini, na badala ya kutupa vikaratasi vinavyokaa ndani ya paketi alivisoma vyote, kwa Kifaransa, mpaka famasi ikaamua ni afadhali vumbi kuliko yeye. Alijua kahawa haimpi mtu nguvu, inamzuia tu kusikia uchovu wake. Alijua pombe huondoa aibu kabla haijaondoa miguu. Alijua pia boost, ile poda ambayo Buyenzi haihitaji kuelezwa: huondoa maumivu kwanza, halafu njaa, halafu sufuria za mama, halafu mwenyewe. Hiyo hakuisoma kwenye karatasi. Rafiki yake wa utotoni, Faridi, alimaliza miezi yake ya mwisho ameegemea lango la mama Khadidja, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, na Shakuru alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Kwa hiyo ndani ya paketi zake za dawa yeye alitia unga wa muhogo peke yake. Unga wa muhogo, alisema, haujawahi kumwacha mtoto yatima.

Bwana wa mkate aliitwa Rénovat, mtu wa Kinanira, na jioni alipatikana katika baa ya mtaa wake, mbele ya brosheti za nyama na lalamiko. Shakuru aliagiza Fanta, akakaa meza ya pili, akasikiliza. Lalamiko lilikuwa mama mmoja wa Ruziba, Concilie, mjane, mwenye kishamba cha mboga za lengalenga kando ya ziwa. Rénovat alitaka pale ajenge hoteli. Mama hakutaka.

"Ule mama anajua neno moja tu," Rénovat alimwambia mhudumu. "Apana. Asubuhi apana, mangaribi apana. Nimemupelekea sukari, apana. Nimemupelekea padri, apana!"

"Pardon, patron," Shakuru akasema taratibu, kama mtu anayesikitika kujua anachokijua. "Neno moja liko na dawa yake."

Rénovat akamtazama. "We ni nani?"

"Mi ni mutu wa famasi."

Haukuwa uongo kamili. Uongo kamili, kwa maoni ya Shakuru, ni wa wavivu.

"Dawa gani?"

"Patron, mu kichwa ya mutu kuko mulinzi. Njo yeye anasema: ngoja, usifanye, apana. Pombe inamulalisha, lakini inalalisha na miguu, na mutu anaanza kuimba. Vidonge vya usingizi vinamulalisha, lakini mutu analala naye. Hii yangu inalalisha mulinzi peke yake. Mutu anabaki macho, anatembea, anaweka sinyatire ku karatasi. Ni apana tu haitoke."

"Na kesho?"

"Kesho hakumbuke kitu. Ni kama kuandika mu maji."

"Na moyo? Sitaki mutu anifie."

Hapo Shakuru alimheshimu kidogo. "Moyo uko salama. Mudomo unakauka, jasho linakuja, macho yanalegea. Basi."

"Bei?"

"Esansi ya gari. Bidoni moja, ijae."

Rénovat alitafuna nyama kwa muda mrefu. "Kesho, kwangu," akasema. "Nataka kuona."

Kesho yake Shakuru alifika Kinanira na paketi mbili, amevaa saa yake na viatu vyake vya Idi. Alikuwa amejiandaa kwa kila swali. Kama Rénovat angetaka kuijaribu kwa mlinzi wake wa lango, mlinzi alikuwa amekwisha kuongeleshwa pembeni na kukubali. Juisi ya marakuja ikaletwa. Shakuru akamimina paketi moja, akakoroga, akasogeza glasi katikati ya meza.

"Itisha mulinzi, patron."

Rénovat akairudisha glasi mbele ya Shakuru. "Sogongera."

"Pardon?"

"Kwetu Muramvya mutu hatoe kinywaji mbele ya kukisogongera. Mwenye kuleta anaonja wa kwanza, watu waone haiko sumu. We umezaliwa wapi?"

Shakuru alikuwa amezaliwa Buyenzi, ambako mgeni humiminiwa kahawa wa kwanza na mwenye nyumba hungoja. Katika hesabu zake zote hakuwa amekumbuka kwamba nusu ya nchi haiinui glasi mpaka aliyeileta ameshaionja.

"Mi ni mwislamu, patron."

"Marakuja iko haramu?"

Shakuru akanywa.

Tapeli mdogo angeanguka papo hapo. Shakuru alijua kwamba tumbo nalo lina foleni yake, kama kituo cha mafuta, na kinachoingia hakifiki kichwani kabla ya zamu. Akangoja. Akaongea habari za mvua. Kisha akaanza kulamba midomo. Akaacha sentensi moja njiani bila kuimaliza. Akapepesa macho polepole, na kwa sababu mboni hakuweza kuziamuru, akageuza uso mbali na dirisha. Ilikuwa kazi safi, na inasikitisha kwamba aliyeitazama alikuwa mtu mmoja tu.

"We ni mupumbavu?" Rénovat akauliza kwa majaribio.

"Ndiyo, patron."

"Nipe saa yako."

"Ndiyo."

"Viatu pia."

Viatu vya Idi vikavuka meza. Shakuru hakuhuzunika, bidoni moja la mafuta mjini lilikuwa linanunua viatu na mguu.

"Uko na gari?"

Inabidi kusimama hapa kidogo, kwa heshima. Shakuru aliiona Carina nyeupe, na mikono ya baba yake, nyeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa na neno moja la kujiokoa nalo, na ndilo neno pekee ambalo dawa yake ilidai kuliua. Akilitamka, hakuna mafuta, na mama haendi makaburini. Asipolitamka, hakuna gari, na mama haendi makaburini.

"Uko na gari?"

"Ndiyo."

"Nipe."

"N... ndiyo."

Rénovat akapiga meza kwa furaha. "Mungu wangu! Inafanya kazi!"

Akapakia mabidoni mawili ya mafuta, maana aliambiwa kwamba gari halina hata tone, wakashuka Buyenzi: tajiri kwenye usukani, mjanja pembeni yake bila viatu.

Mama Khadidja alikuwa uani anachambua mchele wa arobaini. Alimwona mwanawe akiingia miguu mitupu, macho yamelegea, na nyuma yake mtu asiyemjua amebeba mafuta.

"Shakuru. Huyu ni nani?"

"Ndiyo, mama."

Ungo ukamtoka mikononi. Mchele ukamwagika, wala hakuutazama. Alikuwa ameshaona kijana mmoja akiingia langoni namna hiyo, akijibu maswali ambayo hakuulizwa. Akaja mbio, akamshika mwanawe kidevu, akamgeuza kwenye jua, akatafuta machoni yale matundu ya sindano.

Mboni zilikuwa mboni. Zilijikunja kidogo kwa jua, kama za mtu yeyote, na katikati yake Shakuru alikuwa anamtazama kwa aibu kubwa, mzima kama samaki.

Mama Khadidja akavuta pumzi. Nyuma yake Rénovat alikuwa anamimina petroli kwenye tangi la Carina bila kumwaga tone, bidoni la kwanza, kisha la pili, kwa sababu mtu hulijaza vizuri gari analodhani ni lake.

"Usiogope, mama," Rénovat akasema. "Amekunywa dawa kidogo. Leo hawezi kusema apana. Kesho atakuwa muzuri."

"Hawezi kabisa?"

"Kabisa. Jaribu."

Mama Khadidja akamtazama mwanawe kwa upole ambao Shakuru hakuupenda.

"Mwanangu. Utaacha kuuzia watu unga?"

"Ndiyo, mama."

"Utafungua gareji ya baba yako?"

"Ndiyo."

"Na Yasmina, ule mutoto wa watu unamuambia kila mwaka 'ngojea Ramadhani ipite', utamuoa mwezi huu?"

Jasho lilimtoka Shakuru. Hilo halikuwa la kuigiza.

"Ona jasho!" Rénovat alisema. "Njo dawa ile."

"Ndiyo," Shakuru akasema.

"Sema wallahi."

"Wallahi."

"Alhamdulillahi," mama Khadidja akajibu, akapiga magoti kuokota mchele.

Rénovat akaketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Mzee Chabani, kama mafundi wote wanaowajua wezi, alikuwa ameficha swichi chini ya kiti, na bila swichi hiyo Carina ilikuwa kabati.

"Inakataa. Betri imekufa?"

"Ndiyo," akasema Shakuru.

"Ama ni demareri, ile starta?"

"Ndiyo."

"Ni betri ao ni demareri?"

"Ndiyo, patron."

Rénovat akafuta uso. Ndipo alipoona upungufu pekee wa dawa ile: mtu asiyeweza kukataa hana faida kama fundi. Akasema atarudi na mekanisien wake wiki ijayo, akachukua paketi ya pili, akashika njia ya Ruziba akipiga mluzi.

Yaliyompata huko yalisimuliwa baadaye na majirani wa Concilie. Alimkuta mama anapalilia lengalenga zake. Akampa soda aliyokwisha kuitia dawa, kwa tabasamu. Concilie akafuta mikono kwenye kitenge, akaipokea soda, akamrudishia.

"Sogongera, muzee."

Rénovat wa Muramvya angesema nini? Na watu wanatazama? Akasogongera. Ilikuwa soda na muhogo. Lakini kwa macho yake alikuwa ameona mtu mzima akitoa viatu na gari kwa glasi moja, na mwili humsikiliza mwenyewe kuliko unavyoisikiliza dawa. Mdomo ukamkauka. Jasho likaja. Ulimi ukawa mzito.

"Uko muzima?" Concilie aliuliza.

"Ndiyo."

"Umekuja tena juu ya shamba? Si ungenijengea ukuta, viboko wa ziwani wasinimalizie lengalenga?"

"Ndiyo," alisema Rénovat, na machozi yakamlengalenga, kwa sababu alijisikia akilisema.

Ukuta upo, na ni mzuri. Rénovat hajawahi kusema kwamba dawa ile ilikuwa ya uongo, maana kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba aliujenga akiwa na akili zake zote. Alirudi Buyenzi mara moja tu kudai gari. Alimkuta Shakuru amelala chini ya teksi ya mtu, amejaa grisi.

"Gari gani, patron?" Shakuru aliuliza kutoka chini, kwa huzuni ya kweli. "Mi sikumbuke kitu. Si nilikuambia? Ni kama kuandika mu maji."

Viatu havikurudi, wala saa.

Lakini kabla ya hayo kulikuwa na asubuhi ya arobaini. Mama Khadidja alivaa buibui yake nzuri, akaketi mbele, akainama, akaigusa swichi chini ya kiti bila kuitafuta. Shakuru, kwenye usukani, akazungusha ufunguo, na injini ikawaka. Ilikohoa kidogo kwanza, kama mzee Chabani alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema jambo, na wote wawili wakakaa wakaisikiliza. Wakatoka kwenye barabara ya kokoto.

"Mama," Shakuru akaanza, macho mbele. "Yale maneno ya jana. Mutu akilewa, maneno yake hayashike. Hata shehe anajua."

"Njo vile."

"Basi..."

"Kwa ule tajiri ulikuwa umelewa," mama Khadidja alisema. "Nikiulizwa, nitamuambia njo vile. Kwangu ulikuwa muzima. Mboni zako nimeziona mu jua. Na nilikuwa nimeogopa, Shakuru. Nilifikiri nitazika wawili mu mwaka moja."

Shakuru alikata kona polepole. Alilitafuta lile neno dogo, ambalo jana kutwa aliyazuia meno yasiliachie. Sasa lilikuwa huru, na hakulipata.

"Ndiyo, mama."

"Simama pale mbele, ku ule mulango wa kijani."

"Kuna nini?"

"Yasmina. Nimemuambia avae, tunamupitia."

Mlango wa kijani ulikuwa umekwisha kufunguka.