Watawa Tisa Gati ya Juu

Jumatatu, 3 Novemba
Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mji hukua kwa watoto kuzaliwa. Mji wetu hukua kwa miguu inayovuka mto Mekong kutoka Laosi. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, najua. Ijumaa, siku ya soko kubwa, karani wa wilaya atahesabu abiria wanaoshuka gati ya juu na ya chini. Itakayozidi itajengwa kwa zege, na soko lote litahamia hapo. Mke wangu, Bualai, anachoma ndizi gati ya juu mwaka wa ishirini na mbili sasa. Gati ya chini ni ya shemeji yangu Thongdam, kaka yake Bualai, aliyefeli jiografia. Mimi ndiye niliyemfelisha. Usingizi hauji kwa furaha.

Jumanne, 4
Soko dogo la leo: jaribio. Nimehesabu mwenyewe. Sisi 212, Thongdam 190. Tunaongoza, ila kidogo. Thongdam kapita akauliza, “Mwalimu, unahesabu au unasinzia?” Wazo lilikuwa linaingia.

Jumatano, 5
Nimevuka hadi hekalu la Kibudha la ng’ambo. Mkuu wake amekubali: Ijumaa watawa tisa watakula gatini kwetu asubuhi. Waendapo watawa, waumini hufuata. Hesabu nyepesi kabisa! Bualai kauliza watapanda boti gani. Nikamweleza kwa upole kwamba hilo ni suala la usafiri, mimi nashughulikia idadi ya watu. Akasema, “Haya, mwalimu,” kisha akatoka kwenda kwa kaka yake. Kusalimia, nadhani.

Ijumaa, 7
Gati yetu ina boti mbili, nyembamba. Watawa wanne hii, watano ile. Wachuuzi wa ng’ambo karibu wote ni wanawake, na kwa dini yetu mwanamke hamgusi mtawa wa kiume. Kwenye boti zile magoti hayana pa kukwepa. Wachuuzi wakateremka ukingoni na vikapu vyao hadi boti za Thongdam. Nikasema si neno, boti zitarudi kuwachukua. Mabaharia wakakataa: boti iliyoleta watawa huwasubiri watawa. Watawa walikula taratibu sana. Wali wa Bualai ulikuwa mtamu.
Sisi: kumi na mmoja, pamoja na mabaharia. Thongdam: 406.
Jioni Thongdam kaniletea mkungu wa ndizi. “Mwalimu,” akasema, “leo nimefaulu.”

Jumamosi, 8
Bualai anahamisha jiko lake. Kumbe tangu Jumatano kaka yake amemwekea nafasi gati ya chini, karibu na ngazi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniuliza kuhusu boti.
Nimetafakari. Kasoro nimeiona: tisa walikuwa wachache. Mwakani wilaya itahesabu tena, kwa ajili ya kivuko cha magari. Kwa hiyo leo, kabla jua halijawa kali: nitavuka, nikamwombe mkuu wa hekalu watawa kumi na wanane.