Aliyelala Chumba cha Sita

Jumamosi, 18 Januari 2003. Bidiya.

Mimi Harub, miaka sabini na nne. Nimewazika wake wawili, Land Rover tatu, na madaktari wawili walionikataza chumvi. Katika umri wote huo sijalala mchana hata siku moja. Hata nilipoanguka mtendeni nikavunja mguu, nilikaa macho nikitoa amri.

Leo wamefika wageni wa Alya, binti wa ndugu yangu, mwalimu wa uchoraji skuli ya Ibra. Wasanii watano, weusi watupu: wa Tanga, wa Unguja, wa Sur. Kawaweka shambani kwangu, vibanda vya makuti, wiki nzima. Waje kufanya nini? Kupumzika! Nikamuuliza, kupumzika na nini? Kasema, Ami, na kila kitu. Watu hawa mwaka mzima huitwa wapige, waimbe, wachore, na hakuna anayewauliza kama wamelala. Wakipumzika, kazi itakuja yenyewe.

Vyumba sita, wageni watano. Nikasema cha sita changu. Kasema hicho ni cha msanii mweusi. Weusi ninao, bibi yangu mzaa baba Mnyamwezi. Usanii nitautafuta kesho.

Jumapili, 19 Januari.

Ajabu! Nimepita shambani mchana. Watu watano wamelala chini ya mitende, midomo wazi, na hakuna anayewafokea. Marzouq, mpiga ngoma wa Sur, aliniambia jana kuwa babu yake alitumikishwa shamba kama hili na hakupata kukaa kivulini mwake hata kunywa maji. Leo mjukuu anakoroma. Nilisimama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Sikuthubutu kukohoa.

Halafu nikathubutu. Nikachukua debe, nikalipiga kwa nguvu, wajue na mimi msanii. Marzouq karuka, katumbukia ndani ya falaji, ule mfereji wetu wa maji. Kwa mpiga ngoma, hana masikio ya ngoma.

Alya kanivuta pembeni. Ami, ukiwasumbua tena, nawahamishia kwa Humoud. Na mwakani huko huko.

Humoud! Jirani na adui yangu tangu mwaka 1978, kwa sababu ya zamu ya maji. Mtu aliyetundika taa za rangi kwenye mitende! Bora nife.

Jumatatu, 20 Januari.

Alasiri Alya kawapeleka mchangani, kule jangwani, kwa gari. Nikapanda mbele bila kualikwa. Nilikusudia kuwaeleza yote ninayoyajua juu ya mchanga, nami nayajua mengi.

Tukakaa juu ya kilima. Mchanga ukawa rangi ya mdalasini, kisha rangi ya asali. Upepo ukaanza kufuta nyayo zetu moja moja, taratibu, kama mwanamke anayefagia nyumba yake. Miaka thelathini naishi kando ya mchanga huu. Nimepita, nimekwama, nimetukana. Kukaa, sijapata kukaa.

Yale mengi ya kuwaeleza nikayasahau. Rahila, mchoraji wa Tanga, kaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 22 Januari.

Mpango mkubwa. Rahila hukaa kando ya falaji kila asubuhi, miguu majini. Maji yakimpitia asubuhi nzima atafurahi, akifurahi atanichora, na aliyechorwa kaingia katika sanaa. Nani ataninyima chumba?

Lakini maji ya asubuhi ni ya Humoud, mpaka kivuli cha kijiti cha kupimia zamu kifike jiwe la nne. Basi alfajiri nikalisogeza jiwe. Shubiri moja tu.

Humoud kaja na kijiti chake. Kasema, ya Harub, jua lako leo linakimbilia harusi ya nani? Nikamwambia jua langu liko sawa, lake ndilo lililochelewa kuamka. Tukavutana lile tambara la kuzibia mfereji. Tambara likachomoka. Maji yakaingia vyumba vyote isipokuwa cha sita. Magodoro matano juani!

Alya hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Kanionesha chumba cha sita. Ami, ukishasali adhuhuri, ingia, lala chali, usifanye kitu mpaka adhana ya alasiri. Ukitoka kabla, tunahamia kwa Humoud.

Kumbe nimepata chumba!

Nililala chali, macho wazi kabisa. Nikahesabu makuti mpaka kumi na moja. Maji yalikuwa yakipita nyuma ya ukuta. Sikulala. Ila adhana ya alasiri leo imeadhiniwa mapema mno. Lazima niseme na imamu.

Ijumaa, 24 Januari.

Siku ya kuonesha kazi. Marzouq kapiga ngoma kwa vidole tu, polepole, hata ndege wa mitendeni wakanyamaza. Kisha Rahila kafunua turubai lake.

Mzee kalala chali. Mkono kifuani, kilemba kimemvuka, uso umelegea wote. Nikasogea karibu. Ni marehemu baba! Baba niliyemkosa kila asubuhi kwa kuwa keshakwenda kazini, na kila usiku kwa kuwa nimeshasinzia. Sikupata kumwona amelala mpaka siku ya kumwosha. Na huyu hapa, kapumzika, mzima, anapumua. Machozi yakanitoka. Nikasema vumbi.

Nikamuuliza Rahila kamjulia wapi baba yangu. Kasema, shikamoo mzee, huyo ni wewe, Jumatano, mlango ulikuwa wazi. Watu wakacheka, na Alya akanishika mkono.

Haiwezekani. Jumatano nilikuwa macho.

Wanarudi mwakani, Alya kaahidi, hapa hapa kwangu. Nimemwamuru Rahila aandike jina la baba chini ya picha. Chumba cha sita ni changu, kwani mtoto wa aliyechorwa ni msanii kwa urithi. Jiwe la kivuli nimelisogeza tena, kidogo tu, lizoee.

Na asiyeamini kuwa sikulala amuulize Humoud. Alisimama mlangoni Jumatano ile kuja kutaka suluhu, kaniita jina langu mara tatu kwa sauti kubwa, na mara zote tatu nilikataa kumjibu.